Sura ya 5: Aliyewaachia Wengine Kicheko

Wanaotazama vipande vya vipindi vya usiku vya Marekani kwenye simu zao, kuanzia Jimmy Fallon hadi Trevor Noah enzi zake za The Daily Show, huuliza swali lilelile: hivi mtu anawezaje kuchekesha watu usiku baada ya usiku, mwaka hadi mwaka, na watu wasimchoke? Mchekeshaji wa jukwaani ana nafuu. Anaandaa onyesho la saa moja, analinoa kwa miezi, kisha anazunguka nalo mji hadi mji, na kila anakofika ni jipya. Wa televisheni hana nafuu hiyo. Alichosema jana hakisemeki leo, maana waliomsikia jana ndio walewale waliokaa sebuleni leo. Kwa hesabu ya kawaida mtu huyo angekauka ndani ya miaka miwili, mitatu.

Johnny Carson alidumu miaka 30. Alianza kuendesha The Tonight Show ya NBC tarehe 1 Oktoba 1962, John F. Kennedy akiwa rais, na akaaga tarehe 22 Mei 1992, George Bush baba akiwa Ikulu. Kuanzia huyo wa kwanza hadi huyo wa mwisho, Marekani ilitawaliwa na marais saba. Vipindi alivyoendesha vilipita 4,000, na usiku wa mwisho alitazamwa na watu wapatao milioni 50.

Jibu la haraka ni kwamba alikuwa mcheshi kuliko wenzake. Sura hii inalipinga jibu hilo. Enzi zake walikuwapo waliomzidi kwa ucheshi: Richard Pryor, George Carlin, Mel Brooks, Don Rickles, na wote hao walikalia kiti cha mgeni pembeni ya meza yake. Kilichomdumisha Carson ni namna alivyoielewa kazi yenyewe. Wengi walidhani mwendesha kipindi ameajiriwa ili atoe kicheko. Yeye alifanya kazi ya kupokea: alipokea aibu mzaha ulipoanguka, alipokea habari za siku bila kujifanya mwalimu wa taifa, na alimpokea mgeni kwa namna iliyomfanya mgeni huyo aonekane ndiye mcheshi. Kutoa huisha, kwa sababu akiba ya mtu mmoja ina kikomo. Kupokea hakuishi, kwa sababu kila siku huja na mgeni wake na habari zake.

Kipindi cha usiku hujengwaje

Marekani ya wakati ule ilitawaliwa na mitandao mitatu ya televisheni, NBC, CBS na ABC. Mtandao wa televisheni ni kampuni moja inayorusha vipindi vyake kupitia vituo vingi nchi nzima. Taarifa ya habari ya kila mji ilikwisha kama saa 5:30 usiku, na hapo ndipo The Tonight Show ilipoingia. Steve Allen aliianzisha kwenye mtandao mwaka 1954, Jack Paar akaishika tangu 1957 hadi alipoondoka Machi 1962. Chini ya Carson umbo lake lilikaa hivi:

- hotuba ya ufunguzi, yaani mwendesha kipindi anasimama peke yake mbele ya pazia na kutoa mizaha kuhusu habari za siku ile;
- kichekesho cha mezani au igizo fupi, kwa mfano Carnac, mganga mwenye kilemba aliyetaja jibu kabla ya kufungua bahasha yenye swali;
- wageni: waigizaji, wanamuziki, waandishi, wanasayansi, na mara nyingine raia wa kawaida kabisa;
- mwimbaji au mchekeshaji chipukizi aliyepewa dakika chache.

Ukiutazama mpangilio huu vizuri utaona umebeba kazi mbili zinazogombana. Anayesimama mbele ya pazia ni mchekeshaji, anataka watu wamcheke yeye. Anayekaa mezani ni mwenyeji, na mwenyeji anayetaka kuchekwa yeye tu humnyima mgeni nafasi. Wengi waliojaribu kazi hii walishinda upande mmoja wakashindwa mwingine.

Alivyoandaliwa bila kujua

Carson alizaliwa mwaka 1925 Corning, Iowa, akakulia Norfolk, mji mdogo wa Nebraska. Akiwa na miaka 12 alijifunza mazingaombwe kwa vifaa vilivyoagizwa kwa posta, na muda si mrefu akawa anaonyesha watu wa mjini kwao kwa jina la The Great Carsoni. Mazingaombwe humfundisha mtoto kuwafanya watazamaji waangalie pale anapotaka yeye. Humfundisha pia kutobadilika uso pale karata inapomwanguka mkononi.

Baada ya kutumikia jeshi la wanamaji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alisoma Chuo Kikuu cha Nebraska, akahitimu 1949. Kazi yake ya kuhitimu ilihusu uandishi wa mizaha: alikusanya sauti za wachekeshaji wa redio na kuchambua kila mmoja anachekesha kwa njia gani. Aliyempenda kupita wote ni Jack Benny, bingwa wa kunyamaza. Benny angeulizwa swali, angegeuka kuwatazama watu, asiseme kitu, na ukumbi ungevunjika mbavu. Kijana wa Nebraska alijifunza kwake kwamba ukimya nao ni sehemu ya mzaha.

Njia yake kitaaluma haikunyooka. Mwaka 1954 alikuwa mwandishi wa Red Skelton, mchekeshaji mkubwa wa CBS. Skelton akajigonga mlangoni akiwa mazoezini hata akazimia, na Carson akaitwa kushika nafasi yake hewani jioni ileile. Alifanya vizuri, CBS ikampa kipindi chake mwenyewe mwaka uliofuata, na kipindi hicho kikafa kabla ya kutimiza mwaka. Pale ndipo alipotakiwa kutoa, kubeba nusu saa nzima kwa mizaha na maigizo yake, na hakuweza.

Shule yake ya kweli ilikuwa mchezo wa maswali wa ABC ulioitwa Who Do You Trust?, aliouendesha tangu 1957 hadi 1962 na ambako alimpata Ed McMahon, msaidizi wake wa miaka yote iliyofuata. Washindani walikuwa mume na mke, watu wa kawaida, na maswali yenyewe hayakuwa na uzito. Uzito ulikuwa kwenye mazungumzo kabla ya maswali. Kwa miaka mitano Carson alizungumza na watu wasiojua kuchekesha, akatafuta kilichomo ndani ya kila mmoja. NBC ilipomtaka achukue nafasi ya Paar alikataa kwanza, akihofia kumfuata mtu mwenye jina kubwa namna ile. Alipokubali, alikuja na ujuzi ambao kipindi chake cha CBS hakikuwa nao.

Mzaha unapoanguka

Ushahidi wa wazi kuliko wote uko kwenye mizaha iliyofeli. Hotuba ya ufunguzi iliandikwa upya kila siku ya kazi kutokana na magazeti ya siku hiyo, kwa hiyo sehemu yake kubwa haikuweza kuwa nzuri. Mchekeshaji wa kawaida mzaha ukimwangukia huharakisha kuingia kwenye unaofuata, kama mtu aliyejikwaa njiani akitaka asionekane. Carson alisimama pale pale. Aliutazama ukumbi, akaigusa maikrofoni kama anayehakikisha inafanya kazi, akasubiri. Mara nyingine bendi ilipiga wimbo wa Tea for Two naye akacheza hatua chache za dansi, uso umetulia kabisa. Kicheko kilichofuata mara nyingi kilikuwa kikubwa kuliko kile ambacho mzaha wenyewe ungepata.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kama kufeli nako kunachekesha, mtazamaji hana usiku wa kuhofia. Mzaha ukiwa mzuri atacheka, ukiwa mbaya atacheka zaidi. Mtu wa namna hiyo anaweza kurudi kesho na kesho kutwa bila kubeba mzigo wa kuwa bora kila siku.

Tukio lililomweka kwenye kumbukumbu ya Wamarekani lilitokea Aprili 1965. Mgeni alikuwa Ed Ames, mwimbaji aliyeigiza Mwamerika Asilia katika tamthilia ya Daniel Boone. Alikuja kumwonyesha Carson jinsi ya kurusha shoka dogo. Mbele yao palikuwa na ubao uliochorwa umbo la mtu. Ames akarusha, shoka likakaa barabara kwenye kinena cha mchoro, mpini ukielekea juu. Ukumbi ukalipuka. Ames, kwa haya, akaanza kwenda kulichomoa. Carson akamshika mkono akamzuia. Hakusema neno. Aliacha watu wacheke, wakatulia kidogo, wakaanza tena, na kicheko kilipoanza kulegea kweli ndipo akatia mzaha wake, kikapanda upya. Kanda nyingi za miaka 10 ya mwanzo zilifutwa na NBC ili zitumike tena, hivyo hatuwezi kuyapima maonyesho yake yote ya enzi hiyo. Lakini kipande hiki kilibaki, kwa sababu kilirudiwa mara kwa mara kwenye vipindi vya kumbukumbu, na ndani yake kazi yote ya Carson ni ule mkono mmoja: bahati ilikuja yenyewe, na yeye akazuia isiharibiwe.

*Kwa kifupi: Carson hakutegemea mizaha yake iwe mizuri. Alitegemea uwezo wake wa kusubiri, na kusubiri hakumalizi akiba.*

Kiti cha mgeni

Mwaka 1987 alikuja mama mmoja mzee kutoka Indiana, mkusanyaji wa krispi za viazi zilizotokea kufanana na wanyama na watu maarufu. Alikuwa amezipanga kwa uangalifu mkubwa. Ed McMahon akamwita kidogo, mama akageuka, na nyuma yake ikasikika sauti ya krispi ikitafunwa. Aligeuka ameshika kifua. Papo hapo Carson akamwonyesha bakuli jingine aliloliweka karibu, kwamba alichotafuna ni krispi ya kawaida, na mama akacheka kwa nguvu kuliko watu wote. Ukichunguza tukio hili utaona kipimo kilichotumika. Kumdhihaki mama huyu kungekuwa rahisi mno, na wengine wangefanya hivyo. Carson alimtania kwa sekunde mbili tatu, akaondoa hofu yake upesi, kisha akamrudishia meza pamoja na mkusanyiko wake ukiwa mzima. Mgeni aliondoka mkubwa kuliko alivyoingia.

Kwa wachekeshaji chipukizi mapokezi hayo yalikuwa na thamani ya maisha. Ilijulikana kote kwamba ukimaliza dakika zako, Carson anaweza kukupa ishara ya vidole kuwa umeweza, au, bora zaidi, kukuita ukakae naye. Freddie Prinze alipanda Desemba 1973, na mwaka uliofuata alikuwa na tamthilia yake ya vichekesho. Jerry Seinfeld alipita hapo 1981, Roseanne Barr 1985. Ellen DeGeneres mwaka 1986 alikuwa mwanamke mchekeshaji wa kwanza kuitwa kukaa katika onyesho lake la kwanza. Na tangu 1982 kampuni ya Carson mwenyewe ilishiriki kutengeneza kipindi kilichofuata baada ya chake usiku huohuo, cha kijana David Letterman. Mtu anayeogopa kuzidiwa kicheko na wengine hawezi kuwafungulia mlango namna hiyo watu wanaomtishia.

Je, si kwa sababu hakuwa na mpinzani?

Hoja hii hutolewa mara nyingi: vituo vilikuwa vichache, intaneti haikuwapo, watu wangemtazama nani mwingine? Ina ukweli ndani yake. Hakuna mwendesha kipindi wa leo atakayepata umati ule, hata awe na kipaji cha namna gani. Lakini haielezi kwa nini walioshindana naye saa ileile waliondoka. ABC ilimweka Joey Bishop mwaka 1967, akaacha 1969, kisha ikamjaribu Dick Cavett. CBS ilimtia Merv Griffin tangu 1969, ikamwondoa 1972, na ilipojaribu tena kwa Pat Sajak mwaka 1989 haikufika mbali. Kama uchache wa vituo ungetosha kumdumisha mtu, ungewadumisha na hao. Aliyefaulu kweli ni Arsenio Hall, aliyeanza 1989, na alifaulu kwa kuwafuata vijana na watu Weusi ambao sebule ya Carson haikuwa imewahesabu sana. Ushindi wake unaonyesha mipaka ya Carson, na ni haki kuitaja.

Na siasa je?

Lawama nzito zaidi ni kwamba alikwepa mambo makubwa. Vita vya Vietnam, mapambano ya haki za watu Weusi, kashfa ya Watergate: yote yalipita mbele ya meza yake, naye hakutangaza msimamo. Mwaka 1979 Mike Wallace, mwandishi wa habari wa kipindi cha 60 Minutes, alimuuliza jambo hilo uso kwa uso. Carson alijibu, kwa maana yake, kwamba hiyo ni hatari ya kweli kwa mchekeshaji: ukianza kujiona una mambo mazito ya kuwaambia watu kwa vile tu una kipindi, utaanza kujikweza, na umekwisha.

Mizaha ya siasa aliitoa, tena mingi. Nixon hakusalimika, Ford hakusalimika, Carter na Reagan vivyo hivyo. Tofauti ni mahali alipoitolea. Wasomaji wanaoujua utani wa makabila wataelewa upesi. Mtani hufika msibani, akamwiga marehemu, akadai kaburi halifukiwi mpaka apewe chake, na wafiwa wakacheka machozi yakiwatoka. Anaruhusiwa kwa sababu kila mtu anajua hana kesi na familia ile. Siku akijulikana ana kesi, hata iwe ya haki, maneno yaleyale yatakuwa matusi. Carson alikuwa mtani wa marais, na ndiyo maana mzaha wake uliuma: hakuna aliyeweza kusema umetoka kwa adui.

Nguvu ya sauti hiyo ilionekana Desemba 1973, wakati wa uhaba wa mafuta. Mbunge mmoja wa Wisconsin alikuwa ameonya kwamba karatasi za chooni huenda zikapungua. Carson akaitumia habari hiyo kwenye hotuba ya ufunguzi. Watu wakaenda madukani wakanunua za kuweka akiba, rafu zikabaki tupu, na uhaba ambao haukuwapo ukawapo. Ilibidi aombe radhi hewani. Mtu ambaye mzaha wake wa choo unaweza kufanya hivyo ana sababu nzuri ya kuogopa kuwaambia watu wampigie nani kura.

Hata hivyo kuna gharama, na si ndogo. Februari 1968 Carson alimwachia mwimbaji Mweusi Harry Belafonte kiti chake kwa wiki nzima. Belafonte aliwaalika mpigania haki za watu Weusi Martin Luther King na seneta Robert Kennedy, na kabla ya nusu mwaka kupita wote wawili walikuwa wameuawa. Wiki ile inaonyesha kipindi kilivyoweza kuwa. Ni kweli kwamba Carson ndiye aliyempa nafasi Belafonte, na kumpa nafasi mwingine ndiyo ilikuwa njia yake. Lakini aliporudi mezani, kipindi nacho kilirudi kilikotoka. Upande wangu ni kwamba alichagua sawasawa kwa kazi yake, na kwamba baadhi ya walionyimwa sauti miaka ile wana haki ya kutomshukuru kwa uchaguzi huo.

Mlango uliofungwa

Mpokeaji ana uwezo pia wa kukataa, na hapa ndipo sifa ya Carson inapochafuka. Mchekeshaji Joan Rivers alipanda kwake mara ya kwanza Februari 1965, na Carson alimwambia mbele ya watu kwamba atakuwa nyota. Tangu 1983 alikuwa mwendeshaji wa kudumu wa zamu pale Carson anapopumzika. Mwaka 1986 Rivers alikubali kipindi chake mwenyewe kwenye Fox, mtandao mpya, saa ileile, na Carson akapata habari kwa njia nyingine kabla ya kuisikia kwake. Hakuzungumza naye tena maisha yake yote. Fox ilimwondoa Rivers Mei 1987, na The Tonight Show haikumwalika tena hadi mwaka 2014, miaka tisa baada ya Carson kufa. Wanaume walioondoka kwake kwenda kushindana naye hawakuadhibiwa kwa kiasi hicho. Watetezi wake husema aliumizwa na kufichwa, na huenda ni kweli, lakini miaka ya kimya haina uwiano na kosa.

Nje ya kamera alikuwa mtu wa haya, anayejitenga, aliyepata shida ya pombe na aliyeoa mara nne. Wengi wanaona hapo unafiki: sebuleni mkarimu, nyumbani mgumu. Sikubaliani nao. Ukarimu wa meza ile ulikuwa ufundi, uliojifunzwa tangu karata za utotoni, na ufundi hauhitaji tabia inayofanana nao. Pale tu alipokosa kujificha ndipo mtazamaji alipomwona mwenyewe. Mwaka 1991 mwanawe Richard alikufa katika ajali ya gari, na Carson aliporudi hewani alionyesha picha za mandhari alizopiga kijana huyo, akazieleza kwa maneno machache, akaendelea na kazi.

Baada ya 1992

Kama angekuwa na njaa ya kuchekwa angerudi, kwani kila mtandao ungempokea. Hakurudi. Alisafiri, akatazama nyota kwa darubini, na akajifunza Kiswahili: mtu aliyekuwa akisikilizwa na nchi nzima akaenda kuanza upya na ngeli. Mei 1994 alitokea kwenye kipindi cha Letterman, akakaa mezani huku watu wamesimama wakimshangilia, akatazama huku na huku, akaondoka bila kusema kitu.

Mizaha, hata hivyo, aliendelea kuiandika. Aliposoma gazeti na kupata wazo alimtumia Letterman, naye akaitumia kwenye hotuba zake bila kumtaja. Carson alifariki tarehe 23 Januari 2005, akiwa na miaka 79, kwa ugonjwa wa mapafu ulioletwa na sigara. Siku nane baadaye Letterman alisimama, akatoa hotuba nzima ya ufunguzi, watu wakacheka kama usiku mwingine wowote. Alipokwisha kukaa mezani ndipo akawaambia kwamba kila mzaha waliousikia uliandikwa na Johnny Carson.